Kijana Aliyezomewa kwa Kuvunja Posa

Usiku wa tarehe 7 Februari, 2008, katika mji wa Champaign, jimbo la Illinois huko Marekani, kijana wa miaka 19 aliingia uwanjani kucheza mpira wa kikapu, na ukumbi mzima wa watu zaidi ya 15,000 ukamzomea kwa sauti moja.

Walimzomea lilipotajwa jina lake. Walimzomea aliposhika mpira. Akiutoa hunyamaza, akirudishiwa huanza upya. Yalitoka na matusi pia, matusi ambayo gazeti haliwezi kuyachapa, yakiimbwa kwa mdundo na wanafunzi waliovaa fulana za rangi ya machungwa. Hata kabla ya mchezo kuanza, wachezaji walipokuwa wakitambulishwa na ilipasa wapeane mikono, mmoja wa wenyeji alimgonga mgeni yule kikumbo cha bega.

Kijana mwenyewe ni Eric Gordon, mchezaji wa Chuo Kikuu cha Indiana. Msomaji atauliza, amefanya nini maskini? Ameiba? Ameua? La, hasha. Kosa lake ni kwamba alipokuwa mtoto wa shule alisema atakwenda kusoma Illinois, kisha akabadili nia akaenda kwa jirani.

Kuielewa ghadhabu ile lazima kwanza tuelewe mpira wa kikapu wa vyuo vikuu ni kitu gani kwa Wamarekani. Huu si mchezo wa wanafunzi kunyoosha miguu baada ya masomo. Katika majimbo kama Illinois na Indiana, nchi za mashamba ya mahindi na majira ya baridi ya kuumiza mifupa, timu ya chuo kikuu ni mali ya jimbo zima. Anaishabikia aliyesoma pale na asiyewahi kukanyaga mlango wa chuo. Fundi wa magari, mkulima, muuza duka na mjukuu wake. Kutoka Champaign hadi Indianapolis ni kama kilomita 200, mwendo wa mtu aliyetoka Mombasa akapita Voi na kushika njia ya Mtito Andei. Hao ni majirani wa mpaka mmoja, na majirani ndio wanaojua kuchukiana vizuri. Wazee wetu waliokuwa vijana zama za Feisal na Mwenge hawahitaji kuelezwa zaidi.

Na ajabu nyingine ndogo: miaka ile kumbi zote mbili, wa Illinois na wa Indiana, ziliitwa jina moja, Assembly Hall. Kila upande uliuhesabu wake kuwa ndio wenyewe.

JINSI KIJANA ANAVYOPOSWA

Sasa tuje kwenye kiini. Wachezaji wa vyuo hawanunuliwi kama wa klabu za mpira wa miguu za Uingereza. Wanatafutwa wakiwa bado shule ya sekondari, na namna ya kuwatafuta, kwa mtu wa pwani, haina jina jingine ila posa. Kocha hufunga safari mpaka nyumbani kwa kijana. Hukaa kitini, akakaribishwa chakula, akamsifu mama kwa mapishi, akamwahidi baba kwamba mwanawe atatunzwa, atasoma, hatapotea. Huandika barua. Hupiga simu. Hualika familia chuoni wakatembezwa na kuonyeshwa ukumbi. Vyuo kumi au ishirini huweza kubisha hodi katika nyumba moja kwa wakati mmoja.

Mahari, kwa kanuni za wakati ule, ilikuwa moja tu: ufadhili wa masomo, yaani karo, malazi, chakula na vitabu. Kumpa kijana au wazazi wake fedha lilikuwa kosa la kukiponza chuo.

Kisha kuna hatua mbili, na hapa ndipo fitina zote zilipokuwa zikiingilia. Kwanza kijana hutoa neno la mdomo: nitakuja kwenu. Neno hilo hutangazwa magazetini, mashabiki wakashangilia, lakini halimfungi mtu. Kinachofunga ni saini, na saini ilitiwa mwezi wa Novemba wa mwaka wa mwisho wa shule, katika hati maalum iliyokuwa ikitumika tangu 1964 hadi ilipofutwa mwaka 2024. Kati ya neno na saini mwaka mzima huweza kupita. Mwaka mzima wa uchumba bila nikaha!

Gordon alitoa neno lake kwa Illinois mwezi wa Novemba, 2005. Alikuwa na miaka 16. Ni mtoto wa Indianapolis, mji mkuu wa jimbo la Indiana, anasoma shule ya North Central mjini humo humo. Kwa hiyo tangu mwanzo kulikuwa na maneno: vipi kijana wa Indiana anavuka mpaka, na chuo cha kwao kina mabingwa wa taifa mara 5, na ile timu ya 1976 iliyomaliza msimu bila kufungwa hata mchezo mmoja?

Lakini Illinois nayo ilikuwa imewaka wakati ule. Msimu uliotangulia ilishinda michezo 37 ikapoteza 2 tu, na wa mwisho kati ya hiyo miwili ulikuwa fainali ya taifa, Aprili 2005, walipofungwa na North Carolina 75 kwa 70. Illinois haijawahi kutwaa ubingwa huo. Walikuwa wameugusa kwa ncha za vidole.

Pale palikuwa na donda jingine lililofunikwa. Timu ile tamu ya 2005 ilikuwa ya kocha Bruce Weber, lakini wachezaji wake wakubwa, Dee Brown, Deron Williams na Luther Head, walikuwa wamekusanywa na kocha wa kabla yake, Bill Self, ambaye mwaka 2003 aliwaacha watu wa Illinois kwenye mataa akaenda zake Kansas. Weber aliandamwa na jina la Self mpaka siku moja alivaa nguo nyeusi mwili mzima, akawaambia vijana wake leo ni maziko ya Self, tumzike tusonge mbele. Hata hivyo minong'ono ilibaki: kufundisha anajua, je, kuposa anajua? Eric Gordon ndiye aliyekuwa jawabu. Tena kulikuwa na tumaini kwamba rafiki yake Gordon, Derrick Rose wa Chicago, angemfuata. Wawili hao katika timu moja! Watu walikuwa wameshaanza kuhesabu makombe.

MGENI ABISHA HODI

Mwanzoni mwa 2006 kocha wa Indiana alijiuzulu. Mwezi wa Machi akaajiriwa Kelvin Sampson kutoka Chuo Kikuu cha Oklahoma, mtu hodari wa kazi, lakini aliyekuja na mzigo. Ilibainika kwamba yeye na wasaidizi wake kule Oklahoma walipiga simu 577 zilizopita kiasi kinachoruhusiwa, za kuwabembeleza vijana. Mwezi wa Mei chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kilimpiga marufuku kwa mwaka mmoja kuwapigia simu vijana wanaotafutwa na kwenda kuwatembelea makwao.

Pamoja na marufuku hiyo, mwezi wa Oktoba 2006, wiki chache tu kabla ya saini, Eric Gordon alitangaza kwamba hatakwenda tena Illinois. Anabaki nyumbani, Indiana. Mwezi uliofuata Derrick Rose naye akachagua Memphis. Illinois ikabaki mikono mitupu, na wakati huo umeshapita wa kutafuta mwingine wa kiasi kile.

Hapo ndipo mashabiki walipoghadhibika, na kusema kweli hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Hawakusema Indiana imewashinda. Walisema Indiana imevunja adabu. Kijana alikuwa ameshatoa neno, amechumbiwa, na watu wanajua. Vipi mtu mzima mwenye mvi anakwenda kubisha hodi kwenye nyumba ile? Sisi huku pwani tunalijua jambo hili na sheria yake: haiposwi juu ya posa ya ndugu yako mpaka mwenyewe aache au atoe ruhusa. Mashabiki wa Illinois hawakuwa na msamiati huo, lakini ndilo walilokuwa wakililia.

Wa Indiana wakajibu kwa hoja yao, nayo ina mashiko. Kijana ni wetu, kazaliwa kwetu. Alipotoa neno, kwetu palikuwa hapakaliki, kocha yuko mguu ndani mguu nje. Mambo yamebadilika. Na neno la mdomo, kwa kanuni zilizowekwa na vyuo vyenyewe, si mkataba.

Kisa hiki nilikisimulia jioni moja barazani Mji wa Kale, mbele ya mzee mmoja ambaye huulizwa mambo ya ndoa na mirathi, na mpira wa kikapu haumhusu ndewe wala sikio. Alisikiliza mpaka mwisho, kikombe cha kahawa mkononi.

"Alipotoa neno alikuwa na umri gani?" akauliza.

"Kumi na sita, mjomba."

"Na huyo aliyekuja kuposa juu yake?"

"Mtu mzima. Hamsini na kidogo."

"Na aliyezomewa ni nani?"

Nikanyamaza. Mzee akanywa kahawa yake, akaanza kuzungumza habari ya bei ya samaki.

USIKU WENYEWE

Turudi Champaign. Mchezo ule wa Februari 2008 ulikuwa mkali kuliko ilivyotarajiwa, maana Illinois msimu huo ilikuwa timu dhaifu. Ilimaliza kwa kushinda michezo 16 na kupoteza 19. Lakini usiku ule walicheza kama watu wanaodai haki yao. Muda wa kawaida ukaisha wakiwa sare. Nyongeza ya kwanza ikaisha sare. Katika nyongeza ya pili Indiana ikaponyoka na ushindi, 83 kwa 79. Watu waliokuja kumwona kijana akiadhirika wakarudi makwao usiku wa baridi na koo zimekauka.

Ningeweza kuishia hapo, na mashabiki wa Indiana wangependa niishie hapo. Ila siku kumi na tano tu baada ya mchezo ule, tarehe 22 Februari, Kelvin Sampson aliacha kazi. NCAA ilikuwa imemshtaki kwamba katika mwaka ule ule wa marufuku alishiriki katika mazungumzo ya simu na vijana, simu zikiunganishwa na msaidizi wake. Chuo kikampa dola 750,000 aende. Timu, iliyokuwa ikitajwa miongoni mwa bora za taifa, ikatolewa katika mchezo wake wa kwanza wa mashindano ya taifa. Mwaka uliofuata Indiana, yenye mabingwa mara 5, ilishinda michezo 6 ikapoteza 25.

Na Gordon? Alikuwa ameshaondoka. Kanuni iliyoanza na uteuzi wa wachezaji wa 2006 iliwataka vijana wangoje mwaka mmoja baada ya shule ndipo waingie ligi ya malipo ya NBA. Gordon alitimiza mwaka wake mmoja, akiwa mfungaji bora wa ligi ya Big Ten kwa wastani wa pointi 20.9, na mwezi wa Juni 2008 akachaguliwa wa saba, na Los Angeles Clippers. Piga hesabu mwenyewe, msomaji. Majimbo mawili yaligombana karibu miaka miwili na nusu kwa ajili ya kijana aliyevaa jezi ya chuo kwa msimu mmoja, Novemba hadi Machi.

Mimi binafsi nawaonea huruma watu wa Illinois. Shabiki hana mkataba na mtu yeyote. Hapokei mshahara, hasaini hati, na hatolewi kwa dola 750,000. Alichokuwa nacho ni neno la kijana mmoja, akalitia moyoni kama ahadi aliyopewa yeye mwenyewe. Lilipovunjika aliumia kweli, na aliyeumia hutafuta wa kumpiga. Lakini tazama anayempiga ni nani. Bill Self alivunja neno 2003. Alichukiwa, ni kweli, lakini alikwenda Kansas kwa mshahara mnono, na mwaka ule ule wa 2008 akatwaa ubingwa wa taifa, akimfunga katika fainali nani? Derrick Rose na Memphis yake. Sampson alipoondoka Oklahoma 2006 aliwaacha vijana waliokuwa wameshatia saini, si neno la mdomo tu, kwa sababu walimwamini yeye; baadhi yao wakaomba wafunguliwe, Scottie Reynolds akaenda Villanova na Damion James akaenda Texas. Makocha walihama na kanuni zikawafungulia mlango. Mwanafunzi, miaka ile, akihama chuo kimoja kwenda kingine alikalishwa nje mwaka mzima bila kucheza.

Hayo ya kukalishwa yameondoka. Tangu 2021 mchezaji aweza kuhama na kucheza mara moja, tena aruhusiwa kupokea fedha kwa matumizi ya jina na sura yake. Na tangu 2025 vyuo vyenyewe vyaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Posa imegeuka soko la wazi. Kuna wanaolia kwamba uaminifu umekufa, na wengi wa wanaolia ni makocha. Yataka uso mkavu.

JIRANI WA KILOMITA 16

Isidhaniwe kwamba ghadhabu za namna hii ni za Illinois peke yao. Katika jimbo la North Carolina kuna vyuo viwili, Duke na North Carolina, vilivyo umbali wa kama kilomita 16 tu, kama kutoka Mombasa mjini mpaka Mtwapa, na uadui wao unafanya ule wa Illinois na Indiana uonekane utani wa mashemeji. Mwaka 2009 vyote viwili vilikuwa vikimposa kijana mrefu, mtulivu, wa mji wa Ames, jimbo la Iowa, jina lake Harrison Barnes. Duke walikuwa wamemsubiri kwa hamu. Tarehe 13 Novemba, mbele ya kamera za televisheni, Barnes alimpigia simu ya picha kocha Roy Williams wa North Carolina akamwambia anakuja kwake. Watu wa Duke walijiona wamepigwa kofi hadharani.

Lakini yeye hakuvunja neno, maana hakuwa ameahidi. Alichagua tu. Na hilo nalo halikumwepusha na kuzomewa kila alipotia mguu katika ukumbi wa Duke. Hapa hoja ile ya posa juu ya posa haisaidii tena. Shabiki huchukia kukataliwa, basi, hata pasipo ahadi. Nimelifikiria sana hili, na limenipunguzia kidogo huruma niliyokuwa nayo kwa wale wa Illinois.

Kilichofuata ni hiki. Aprili 2010, Barnes akiwa bado mtoto wa shule, Duke ilitwaa ubingwa wa taifa kwa kuifunga Butler 61 kwa 59. Kombe lililoliliwa kwa sababu yake lilipatikana bila yeye, na lilipatikana Indianapolis, mji wa kwao Eric Gordon. Barnes alicheza North Carolina misimu miwili, hakushinda ubingwa wa taifa, akaingia NBA 2012, naye akachaguliwa wa saba kama mwenziwe.

Kisha ikaja Agosti 2016, Michezo ya Olimpiki mjini Rio de Janeiro. Marekani iliifunga Serbia 96 kwa 66 katika fainali ya mpira wa kikapu. Kocha wa Marekani alikuwa Mike Krzyzewski, yule yule wa Duke, aliyefunga safari hadi Iowa kuposa akakataliwa mbele ya taifa zima. Ulikuwa mchezo wake wa mwisho kuiongoza timu ya nchi yake. Na miongoni mwa wachezaji 12 waliovishwa nishani za dhahabu chini yake siku ile alikuwamo Harrison Barnes.